Mlezi wa Nzi

Saa kumi alfajiri navua kila kitu, hata pete,
naoga, navaa nguo za kiwanda, naingia.
Harufu inanipokea kabla ya mlinzi:
amonia, damu kavu, maziwa ya unga.
Mwezi wa kwanza nilitapika.
Sasa ni harufu ya mshahara.

Ndani ya trei wanachemka, milioni juu ya milioni,
funza weupe wenye pingili kama parafujo,
vichwa wamevizamisha katika uji niliowakorogea.
Nawapima joto. Nawaongezea unga wa mayai.
Mkunga gani huyu, baba huuliza,
anayewabembeleza waliomla ng'ombe wangu akiwa hai?

Baba yangu Belisario, wa Metetí,
kule barabara inakokaribia kukata tamaa,
aliwajua kwa pua kabla ya macho.
"Kuna utamu zizini," angesema, na kuichukua taa.
Ndama wa siku tatu, kitovu hakijakauka,
na ndani ya kitovu shimo,
na ndani ya shimo kitu kinapumua.
Sisi mabinti wanne tulishika miguu minne.
Yeye akachokonoa kwa kijiti cha mpera,
akamimina kreolini, akahesabu kwa sauti
kila aliyeanguka, kama mtu anayedai deni.
Usiku ule alifika mia mbili na kumi na moja.
Ndama hakuifikia asubuhi.

Basi nilipomweleza kazi yangu alinitazama
kama aliyeambiwa moto huzimwa kwa petroli.
Nikasema: Baba, jike lao huolewa mara moja tu.
Mara moja, kisha mlango umefungwa.
Sisi tunawapitisha kwenye mionzi wangali ndani ya ganda;
wanaamka na mabawa, wana hamu, wana kila kitu
isipokuwa kesho.
Ndege inawamwaga juu ya misitu ya Darién,
jike anampata mmoja wao,
anataga ukingoni mwa kidonda kama mama zake,
na mayai yanabaki mayai.

Alinyamaza. Alitafuna kijiti chake.
"Maskini," akasema.
Sikujua anamhurumia nani.

Jumanne Daktari Arístides alituletea ukoo mpya.
Wameshonewa amri ndani ya vinasaba:
kila binti afe angali mdogo,
ila akipewa dawa katika uji.
Wa kuzalisha tunawapa. Wa kuruka tunawanyima,
wanabaki madume matupu.
Tunaokoa nusu ya chakula, alisema,
akaichora ile nusu ubaoni, akaipaka chaki.
Wenzangu wakaandika. Nami niliandika.
Kalamu ilinikwama kwenye neno binti.

Jumapili nilimkuta baba akikaza waya wa ua.
Nikamsimulia, nikiruka sehemu moja,
naye akaniuliza sehemu ile ile niliyoiruka.
Alipoelewa aliiweka koleo chini.
"Ukoo usio na mabinti," alisema polepole,
"sasa ndama atashikwa miguu na nani?"
Akacheka peke yake, akakohoa,
akainuka kwenda kwa ndama aliyezaliwa juzi.
Alipiga magoti. Aliinusa tumbo,
akangoja, akainusa tena.

Hapo nzi akatua mgongoni mwa mkono wake,
buluu iliyochanganyika na kijani, macho ya kutu.
Mkono wa pili ulikwisha kuinuka.
Ukasimama hewani.
"Huyu ni wako?"

Niliinama. Rangi tunayowapaka
haionekani ila chini ya taa ya maabara,
na maabara ilikuwa mbali, na jua lilikuwa kali.
"Sijui, baba," nikasema.
"Kwa macho hawatofautiani."

Tulikaa hivyo, sote watatu, na ndama wa nne,
mkono wake ukingali juu,
yule nzi akijipangusa miguu ya mbele
taratibu, kama mgeni aliyefika
na hajaambiwa akae wapi.